Marehemu Mzee Ruwa Hajui Kugawanya

Tangazo. Wote wenye watoto, wenye wajukuu, na wale ambao hawana ila hupenda tu kusikia ya watoto wa wenzao, simameni wima. Mwenye kofia aivue. Mwenye kutafuna ameze. Inatangazwa rasmi kwamba ile elimu adhimu ya kumweleza mzazi maendeleo ya mwanawe shuleni, bila ya mzazi huyo kumtoa mtoto, kumlaani mwalimu wala kudai mbuzi, haikugunduliwa Ulaya. Haikugunduliwa Nairobi pia, kwenye maofisi ya Idara ya Elimu, ambako viti vilikuwa vingi na wa kuvikalia walikuwa wengi zaidi. Iligunduliwa Magogoni, katika Kisauni, mwaka wa 1948, baina ya jiko la mafiga matatu na kichaka cha mikanju, wengine husema mikorosho, na mgunduzi wake ni Kahaso, mpika uji wa shule, mwanamke asiyelijua jina lake hata likiandikwa kwa herufi za ukubwa wa ng'ombe.

Mnaweza kukaa.

Kahaso alikuwa mnene wa wastani, mrefu wa kutosha, na ulimi wake ulikuwa hauna wastani. Mumewe, Thoya, alikuwa kuli wa bandarini. Kila alfajiri alivuka daraja la Nyali kwenda kubeba magunia, na jioni akarudi akiwa hana nguvu hata ya kubisha. Hilo lilimfaa sana Kahaso. Shule ilikuwa ya misheni, ya makuti na udongo, na ndani yake kulikuwa na madarasa matatu na sufuria moja kubwa. Madarasa yalilala shuleni. Sufuria ililala kwa Kahaso, maana sufuria ya ukubwa ule ikilala shuleni huota miguu. Basi asubuhi alikwenda nayo kichwani, alasiri akarudi nayo kichwani, na njia yake ilipita kwenye ua wa kila mtu. Aliyezaa, aliyeachwa, aliyenunua kuku kumbe kuku mgonjwa, yote yaliingia sikioni mwa Kahaso akiwa chini ya sufuria, na hapakuwa na kifuniko.

Mungu alimjalia mtoto mmoja tu, Nyamvula, aliyezaliwa siku ya mvua iliyoezua nusu ya mapaa ya Magogoni, akapewa jina la mvua. Miaka kadhaa kabla ya haya, Kahaso alimpeleka Thoya hospitali kule kisiwani, mguu wake ukiwa umeangukiwa na kreti. Akamwona huko msichana wa Kirabai aliyevaa nguo nyeupe. Mtu alisema anaumwa hapa, msichana akaandika, na dawa ikaja. Wanaume wazima waliambiwa watoe ulimi, wakautoa. Kahaso alirudi nyumbani akasema, "Thoya, nimemwona Nyamvula akiwa mkubwa." Thoya akauliza wapi. Kahaso akamjibu, "Wewe ulikuwa unalia, hukumwona."

Sasa shida. Shule iliishia darasa la tatu. Anayetaka la nne avuke maji, aende kisiwani, na Thoya, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, juu ya hilo alikuwa nayo matatu: "Mwanangu havuki daraja." Ndipo mwaka ule Mkaguzi wa shule alipopita na gari lake akasema darasa la nne litafunguliwa papo hapo Magogoni, Januari, kwa sharti kwamba siku ya kufungua wasimame watoto ishirini mlangoni. Wakipungua, hakuna darasa. Darasa la tatu lilikuwa na watoto ishirini na ushei. Kahaso alikoroga uji siku ile akiimba, na uji wenyewe ukawa na sukari, jambo ambalo halikupata kutokea tena.

Hapo ndipo alipoingia Mwalimu Musyoka.

Mwalimu Musyoka alitoka Machakos kwa njia ya chuo. Alikuwa na baiskeli, alikuwa na suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate, na alikuwa na waraka. Waraka ulitoka juu, nao ulisema kwamba kila mzazi ajulishwe maendeleo ya mwanawe kila mwisho wa muhula. Zamani mzazi wa Magogoni alijua maendeleo ya mwanawe kwa kumtazama: akirudi hai, ameendelea. Musyoka hakuridhika na hilo. Akatangaza Siku ya Ripoti, mwezi wa Agosti, watu wote waje, yeye atawasomea. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa kijana, na waraka ulikuwa wa kwanza kuelekezwa kwake maishani.

Wakaja. Wakakaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika masikioni. Wa kwanza kuitwa alikuwa mke wa Kaviha, huyo Kaviha akiwa mgema wa tembo wa mtaa ule. Mama huyo alikaa kando ya mkwewe, Bibi Rosalia, mjane aliyebatizwa uzeeni akasema jina jipya atalivaa Jumapili.

"Mama," akasema mwalimu, "mtaje mwanao."

"Yupo pale."

"Jina lake."

"Yule mwenye kaptura ya kaki."

"Wote wana kaptura za kaki! Jina, Mama."

"Si unalo kwenye karatasi, mwalimu? Litazame."

Musyoka akainama akaandika: mzazi hamjui mwanawe kwa jina. Kisha akasimama akasoma kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye shamba la mkonge:

"Ruwa! Hesabu, mbovu. Kugawanya, hajui kabisa. Usafi, mchafu. Tabia, hulala darasani mdomo wazi. Kwa jumla ni mzigo kwa wenzake."

Watu wakaacha kujipepea. Kuku aliyekuwa akipita naye alisimama.

Ikiwa wewe msomaji si wa huko, ngoja nikutoe ushamba. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Na akishapewa, si jina peke yake: yeye ndiye babu. Baba yake humwita "Baba". Bibi yake humwita "mume wangu", humfichia minofu, na humgombeza kwa makosa ya mwaka wa njaa. Mama yake ndiye mwenye kazi ngumu, kwani jina la mkwe halitamkwi na mke wa mwana. Akilitamka ameivunjia heshima nyumba nzima. Kwa hiyo mwalimu alikuwa amemtaka mama wa watu amtusi mkwewe hadharani, na mama alipokataa kwa adabu, mwalimu akaifanya kazi hiyo mwenyewe.

Bibi Rosalia akainuka polepole.

"Mwalimu. Huyo Ruwa unayemsema mchafu, nimelala naye kitanda kimoja tangu matiti yangu yanasimama. Nguo zake nilifua mimi. Kwa hiyo uchafu ni wangu?"

"Bibi, mimi namsema huyu mtoto."

"Mtoto yupi? Huyo ni mume wangu."

"Bibi, tafadhali, tusilete mzaha."

"Mzaha!" Bibi akamgeukia mjukuu wake na kumshika mkono. "Twende zetu, bwana. Tumetukanwa na mtu wa baiskeli. Na mbuzi wa kuwaomba radhi wafu nitamtaka, mwalimu. Mweupe, asiye na doa."

Mtu mwingine angefunga karatasi pale. Musyoka akaendelea. Hata ilipofika saa tano alikuwa amewatukana nusu ya marehemu wa Magogoni na wazee kadhaa waliokuwa bado wanapumua, nusu iliyobaki ikaokolewa na mvua.

Ukweli, tuuseme sisi kwa kuwa hatumo katika ukoo: marehemu Mzee Ruwa alikuwa mvivu. Alilala mdomo wazi. Alipopanda mnazi, tembo lilichacha kabla hajashuka. Mtaa mzima ulijua. Lakini kusema ukweli juu ya marehemu ni kazi ya mjane wake, naye huifanya chumbani.

Septemba shule ikafunguliwa, na Kahaso akaijua habari yote kwa shingo. Sufuria iliyokuwa ikirudi tupu ilianza kurudi nzito. Darasa la tatu lilibaki na watoto wa kuhesabika kwa vidole, na vidole vingine vikabaki bila kazi.

"Uji umebaki tena?" Thoya akauliza jioni moja, akila bakuli la tatu kwa subira.

"Umebaki."

"Na darasa la nne?"

"Nalo litabaki."

Nyamvula alikuwa mkekani akisoma kipande cha gazeti kilichofungiwa dagaa. Hakuinua kichwa, ila aliacha kufungua ukurasa, maana haukuwapo mwingine, na maana alikuwa anasikiliza.

Kesho yake Kahaso akaanza kazi. Na kwa kuwa ripoti ya kweli ndiyo iliyofukuza watoto, akatoa hukumu ambayo hata wakubwa wa serikali huitoa: ukweli uondolewe. Akapita na sufuria yake ua kwa ua. "Hodi! Nimetumwa na mwalimu. Anasema alikosea miwani siku ile. Mzee wenu amekuwa wa kwanza." Nyumba ya pili: "Mzee wenu amekuwa wa kwanza." Nyumba ya tatu alitaka kusema wa pili, kwa ajili ya kubadilisha ladha, lakini akamwona baba wa nyumba anavyotazama, akamfanya wa kwanza naye. Kwa Bibi Rosalia peke yake alipita mbali. Pale hata uongo uliogopa kuingia.

Watoto wakarudi! Kwa muda wa kama juma moja Mwalimu Musyoka aliamini kwamba Mungu anawasikiliza walimu.

Kisha ikaja Jumamosi, na wanaume wakakutana mangweni, ambako tembo hunywewa na siri humwagika. Mmoja akajigamba kwamba babake amekuwa wa kwanza darasani. Wa pili akamwambia amelewa, wa kwanza ni babake yeye. Wa tatu akasimama. Kaviha, mwenye tembo, ambaye babake hakuwa wa kwanza popote, akajaribu kuwaamua na ndiye aliyepasuliwa mdomo. Jumatatu wakaja shuleni kama wajumbe, wakiwa na macho mekundu, wakataka waambiwe ni baba wa nani hasa, na watoto wao wamewaacha nyumbani tena.

Musyoka alikwenda jikoni miguu ikimtangulia.

"Mama Nyamvula! Umewaambia watu wangapi kwamba ni wa kwanza?"

"Sikuwahesabu, mwalimu. Hesabu ni kazi yako."

"Wa kwanza huwa mmoja!"

"Na hao wengine wakae wapi, nje?"

"Wakae mahali pao! Mtoto asiyejua, mzazi wake aambiwe hajui! Ruwa hajui kugawanya. Hajui! Ukimwambia Kaviha kwamba anajua, nani atamfundisha? Atakua hivyo hivyo, siku moja atapunjwa na Mhindi wa duka na kila mwenye mizani, na wewe utakuwa umemsaidia Mhindi!"

Kahaso akafungua kinywa. Halafu, jambo ambalo mafiga yale hayakupata kuliona, akakifunga. Mwalimu alikuwa amesema kweli, na Kahaso aliijua kweli akiiona. Ndiyo maana alikuwa hodari wa kuizunguka. Akainama akasukuma kuni. Moshi ukamwingia mwalimu machoni.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini. "Hilo jina la Musyoka ulipewa la nani?"

"La babu yangu. Mzaa baba. Linahusu nini?"

"Na mamako alikuwa akikuitaje?"

Musyoka akapangusa macho.

"Alikuwa akiniita Mzee."

"Musyoka hakuita?"

"Hakupata kuita."

"Hata ukikosa? Hata siku ya fimbo?"

"Siku ya fimbo..." Mwalimu akatazama mkunjo wa suruali yake, uliokuwa tayari umeingia majivu. "Siku ya fimbo aliomba radhi kwanza, ndipo akanichapa."

Kahaso alianza kucheka kwanza tumboni, kisha mabegani. Musyoka akajizuia, kwani alikuwa na cheo; mwisho cheo kikashindwa. Wakacheka mpaka uji ukafurika.

"Chuo kilinifundisha mengi," akasema mwalimu alipopata pumzi, "sasa naona ili ipatikane nafasi waliyatoa niliyokuja nayo kutoka nyumbani. Haya. Lakini Ruwa hajui kugawanya, na neno hilo halipungui hata nukta."

"Lisipungue. Ila tuseme Ruwa yupi? Mzee Ruwa alipata kusoma?"

"Nitajuaje mimi?"

"Hakupata. Siku zake hapa palikuwa na nyani na minazi tu. Basi amerudi. Safari hii kakuta shule. Anasoma. Kuna linalomshinda. Mtu mzima akishindwa na jambo ugenini, jamaa zake hawamwachi, humsaidia."

Musyoka akamtazama kama mtu aliyepewa waraka mwingine, huu ukiwa umetoka chini.

Wakafanya hivyo. Kila alasiri, wakati Kahaso anaosha sufuria, mwalimu alimweleza habari za watoto wawili au watatu, kisha akamtaka azirudie neno kwa neno, mithili ya mtu wa katekisimu. Akiongeza chumvi, alirudishwa mwanzo.

"Niseme tu ana sura nzuri."

"Sura haimo katika masomo."

"Basi ana meno mazuri."

"Mama Nyamvula!"

Wakati mwingine mwalimu ndiye aliyeshindwa. Alikuja na neno "mpumbavu", wakalipigania mpaka jua likainama, na lilipotoka mle jikoni lilikuwa limekuwa "hajafika".

Nyumba ya kwanza ilikuwa kwa Pascalia, mwenye binti aitwaye Kafedha. Sasa huyu Kafedha alipewa jina la mamake baba, naye Bi. Kafedha mkubwa alikuwa hai, chumba cha ndani, na kwa miaka mingi alikuwa akimwongoza Pascalia kutoka kitandani kwa sauti. Kahaso akatua sufuria, akakaa chini, akaanza kwa neno ambalo wazee hufungulia baraza, ambalo mwanamke mwenye masizi mikononi hakutazamiwa kulisema:

"Taireni!"

Pascalia akashtuka. Lakini neno hilo likiitwa lazima liitikiwe, na mtu akishaitikia hawezi tena kutukana; atasikiliza mpaka mwisho.

"Za Mulungu," akaitikia.

"Natoka kwa Bi. Kafedha, shuleni. Kusoma anasoma vizuri. Mwandiko wake haunyooki, unakwenda kama kaa. Na darasani anasengenya wenziwe mpaka wanashindwa kusikia somo."

Pascalia akasema anakwenda kutazama kitu nyuma ya nyumba. Alikaa huko muda, na ukuta wa makuti ulikuwa ukitikisika.

Sauti ikatoka ndani. "Ni kweli! Nilikuwa hivyo tangu utoto. Mwambieni mwalimu anikanye."

"Nimesikia, Bibi. Tena asubuhi anachelewa hesabu, kwa kuwa hutumwa kisimani mara mbili."

"Nani ananituma kisimani mara mbili?" Bi. Kafedha akapaza sauti. "Pascalia! Kuanzia kesho sitaki kutumwa kisimani!"

Kwa hiyo safari ya pili ya kisima ikawa ya Pascalia, na kicheko chake kikapungua. Lakini mwandiko wa mtoto ulinyooka kabla ya Krismasi.

Habari ikatembea. Nyumba kwa nyumba watu wakaanza kumsubiri Kahaso, wakimtandikia jamvi. Maana ombi la mtoto hukataliwa kwa kofi, lakini ombi la babu utalikataaje? Babu mmoja aliomba taa. Mwingine aliomba asipelekwe kuchunga siku za imla. Baba mmoja, aliyeambiwa kwamba babake hajui kujumlisha, alikaa naye kila jioni na kokwa za kanju hata wakajua wote wawili. Huyo baba mwenyewe alikuwa hajui, ila hakuna aliyewahi kumpelekea ripoti. Viti vikajaa kimoja kimoja. Sufuria ikaanza kurudi nyepesi, na Thoya akaanza kulalamika njaa.

Siku moja Musyoka akamwambia, "Leo ni zamu ya Nyamvula."

Kahaso alikuwa akiinama, akasimama. Akafuta mikono kwenye leso.

"Sema. Huyo hana bibi wa kusingiziwa, ni wa mvua."

"Kusoma, anawapita wote. Hesabu, wastani. Mdomo, mrefu."

"Mdomo ni wangu."

"Nimeandika hivyo." Mwalimu akasita. "Akipata darasa la nne atafika mbali, nakuambia kweli. Asipolipata atakuwa mpika uji hodari sana."

Kahaso hakucheka. Alichukua sufuria, akaenda moja kwa moja mpaka alipokuwa akipaogopa.

Bibi Rosalia alikuwa uani akisuka makuti. Kaviha alikaa kando ananoa kisu chake cha kugemea, mdomo bado una kovu. Mtoto Ruwa, ambaye tangu Agosti hakukanyaga shule, alikuwa chini ya kivuli amelala. Mdomo wazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Pita na sufuria yako."

Kahaso akaitua. Akakaa mchangani. "Taireni."

Bibi akasuka kuti moja. Akasuka la pili. Kahaso akangoja. Kaviha akaacha kunoa. Ubatizo ulimpa Bibi jina, haukumwondolea masikio.

"Za Mulungu," akasema mwisho, kama mtu anayetema kokwa.

"Nimekuja kwa ajili ya Mzee Ruwa. Alipanda minazi hii tunayoila, shule hakuikuta. Aliporudi akaikuta, akaingia. Kujumlisha amekujua. Kutoa amekujua. Kugawanya kumemshinda, hajui kabisa, na mwalimu amenikataza kulipunguza neno hilo. Hapo ndipo alipoachwa njiani, na wenzake wanaondoka. Kulala analala, kwani alfajiri huamshwa kubeba vibuyu nyuma ya mgema. Anaomba aachwe mpaka jua litoke. Akirudi Januari, mwalimu ataanza naye pale pale. Na anaomba kuogeshwa."

Kaviha akatazama kisu. "Baba aliniamsha mimi alfajiri hivyo hivyo," akasema, hakuna aliyejua anamwambia nani.

"Hilo la kuogeshwa," Bibi akauliza, "kalisema yeye mwenyewe?"

"Hilo ni la mwalimu."

"Nilijua. Ruwa hakupata kuomba maji maisha yake." Mdomo wa Bibi ukatikisika kidogo, akauzuia. "Na mbuzi wangu?"

"Mbuzi mwalimu hana, Bibi. Ana baiskeli."

"Baiskeli haichinjwi." Akarudi kwenye makuti yake. "Nimesikia. Nenda."

Nimesikia si ndiyo. Nimesikia si siyo. Kahaso alirudi nyumbani na neno hilo, akaishi nalo Krismasi nzima.

Januari ikafika, na Mkaguzi akafika nayo, kofia ngumu kichwani, saa mkononi. Watoto wakapangwa mlangoni. Akapita akiwagusa mabega kwa fimbo, akahesabu, akarudi akahesabu tena kwa kuanzia upande wa pili. Nyamvula alisimama wa mwisho, amenyooka kama ufito.

"Kumi na tisa," akasema Mkaguzi.

"Bwana, tungoje kidogo," Musyoka akamwomba. "Labda mmoja yuko njiani."

"Tulisema ishirini, Mwalimu. Kumi na tisa si ishirini. Wewe unafundisha hesabu."

Jikoni uji uliungua. Kahaso alikuwa ameushika mwiko, ila mwiko haukuwa ukienda popote. Alikuwa akimtazama mwanawe mgongoni. Mkaguzi akafungua mlango wa gari. Akaweka mguu mmoja ndani.

"Wee! Wee mwenye kofia!"

Bibi Rosalia alikuwa akija kwa njia ya mikanju, nguo ya Jumapili mwilini na siku ni Jumatatu, akimburura mtoto kwa mkono. Ruwa aling'aa. Alikuwa amesuguliwa kwa kumbi na kupakwa mafuta ya nazi mpaka nzi waliotaka kutua juu yake waliteleza.

"Nimemleta mume wangu," akasema Bibi, akihema. "Tumechelewa, alikuwa anaoga. Uchafu wa miaka yote ile hautoki kwa ndoo moja. Mwalimu, huyo hapo. Kugawanya hajui. Na mbuzi bado nakudai."

Mkaguzi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chai, alimgeukia Musyoka. "Anasema nani? Mume?"

"Ndiye wa ishirini, bwana," akajibu Musyoka, uso wake umenyooka kuliko suruali. Na kwa Ruwa akainamisha kichwa kidogo. "Karibu ndani, Mzee."

Ruwa akaingia, akapiga miayo.

Darasa la nne likafunguliwa. Mkaguzi alizunguka uani, akawauliza, kwa kinywa cha Musyoka, wazazi waliosimama kwenye ua mmoja mmoja, na kila mmoja alimweleza panapomshinda mwanawe, na nyumbani wamefanya nini. Alikuwa hajaona jambo kama hilo kutoka Likoni mpaka Mikindani. Akauliza nani kafanya kazi hii. Wote wakaonyesha jikoni.

Basi akaenda, akavua kofia mbele ya mafiga, na watu wakamfuata kusikia. Akatoa hotuba, Musyoka akiifasiri. Alisema juu ya nuru. Alisema juu ya daraja baina ya nyumba na shule. Alisema kwamba mama huyu, asiyejua kusoma, moyo wake umewaka mapenzi ya elimu kwa watoto wote wa nchi, bila ubaguzi, na kwamba wakubwa wa Nairobi watapenda kujua ni wito gani mtukufu uliomtuma nyumba kwa nyumba.

Watu wakamtazama Kahaso. Alikuwa amechutama, anakwangua uji ulioungua.

"Darasa lilitaka watoto ishirini," akasema. "Mimi nilikuwa naye mmoja tu."